Mtandao ni Nyenzo: Pengo la Kidijitali na Makabwela wa Kiwalani

Siku hizi katika mikutano mingi, na hata katika semina zetu wenyewe, linatajwa sana neno "pengo la kidijitali". Linatajwa kana kwamba kila msikilizaji amekwisha kulielewa. Aghalabu msemaji ana maana kwamba wako watu wenye mtandao na wako watu wasio nao, na kwamba dawa yake ni kujenga minara zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Na mahali pa kuuona upungufu wake hapahitaji safari ya kwenda Tunduru au Ngara. Panatosha Kiwalani, ndani ya Jiji la Dar es Salaam.

Kwa nini Kiwalani? Kwa sababu Kiwalani haiko mbali na kitu chochote. Upande mmoja iko Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wangali wakiiita Pugu Road, pamoja na viwanda vyake. Upande mwingine iko reli ya TAZARA. Na uwanja wa ndege wa kimataifa uko jirani kabisa. Ni mtaa wa wafanyakazi na wachuuzi, wa nyumba za kupanga, chumba kimoja familia moja, mtaa uliojengwa na wenyewe kabla mpima ardhi hajafika. Mnara wa simu unaonekana karibu kutoka kila ua. Mkongo wa baharini wa SEACOM, ulioanza kazi Julai 2009, ulitua katika pwani ya jiji hili hili, na mwaka 2010 ukafuatiwa na ule wa EASSy. Kama pengo lingekuwa ni suala la umbali, basi Kiwalani isingekuwa na pengo. Lakini linalo.

Hatusemi kwamba umbali hauna maana. Sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitungwa kwa sababu makampuni ya simu hayapeleki mnara mahali pasipo faida, na Mfuko huo umepeleka mawasiliano katika kata nyingi za vijijini ambazo soko lilikwisha kuzisahau. Kazi hiyo ni halali na haijakwisha. Ila sheria ile ile ilitaja pia sehemu za mijini zisizohudumiwa vya kutosha, na sehemu hiyo ya sheria imesomwa kwa haraka mno. Mjini tumeridhika kwamba mnara upo, tukafunga jalada.

Takwimu nazo zinatudanganya, tusipokuwa waangalifu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimezidi milioni 70. Asomaye harakaharaka atasema kila Mtanzania ana simu na chenji inabaki. Lakini laini si mtu. Mchuuzi mmoja ana laini tatu kwa sababu kila kampuni ina bei yake ya kupigia, na mke wa jirani yake hana hata moja. Katika laini hizo zote, zile zilizokuwa zikitumia intaneti zilikuwa kama nusu tu. Na kati ya hizo nyingine zinaingia mtandaoni kwa siku moja kati ya saba, siku ambayo fedha ya kifurushi imepatikana.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na hapana budi tukae hapo kidogo.

Kabwela wa Kiwalani ananunua mtandao kama anavyonunua mafuta ya kula: kwa kupima. Hana fedha ya dumu la lita ishirini, kwa hiyo ananunua kikombe, na kesho kikombe tena. Mwisho wa mwezi amelipa kwa lita moja zaidi ya yule mwenye dumu stoo. Kifurushi kiko vivyo hivyo. Mwenye mshahara ananunua cha mwezi, au anavuta waya wa nyumbani kwake, na kila kipimo cha data kinamgharimu kidogo. Asiye na mshahara ananunua cha siku, na kipimo kile kile kinamgharimu zaidi. Tena mafuta ya kupima yakibaki kwenye chupa usiku yatakuwepo asubuhi, lakini kifurushi cha siku muda wake ukiisha kinakufa na kilichobaki ndani yake. Ndiyo kusema asiye nacho analipa bei kubwa kuliko mwenye nacho kwa bidhaa ile ile, kutoka mnara ule ule. Aprili 2021, vifurushi vilipopanda bei ghafla, kelele za wananchi zilikuwa kubwa hata Serikali ikaagiza bei zirudishwe kama zilivyokuwa. Wapo waliocheka kwamba vijana wanalilia mitandao ya umbea. Waliocheka hawanunui kwa kupima.

Kodi nayo imeyumba. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika simu janja na vishikwambi ili vifaa hivyo vishuke bei. Bajeti ya 2022/23 ikairudisha. Mwaka mmoja haumtoshi hata mwagizaji kumaliza shehena yake, seuze bei kufika chini Kariakoo. Julai 2021 ikaanza tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi. Miamala ikapungua, watu wakarudi kwenye fedha mkononi, na ilipofika Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Baadaye ikapunguzwa tena na kufutwa katika baadhi ya miamala. Lengo lililotajwa, shule na vituo vya afya, lilikuwa jema. Lakini kada asiyeweza kueleza kwa nini jambo hili liliwakera makabwela kuliko matajiri hajajiandaa kukutana nao. Tajiri halipi karo ya mtoto kwa kutuma elfu ishirini mara nane.

Sasa tuingie katika suala la haki.

Miaka kumi na mitano iliyopita mtu wa Kiwalani asiye na mtandao alikosa burudani na habari. Leo anakosa vingine. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanapita mtandaoni. Maombi ya kazi za Serikali yanapita katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, mtandaoni. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, unapita katika mfumo wa RITA, mtandaoni, na bila uhakiki huo ombi la mkopo halikamiliki. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023. Iliporejeshwa mwaka 2024, maombi yake nayo yakawa ya mtandaoni. Na tukumbuke usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao kikomo chake kilikuwa Januari 2020: asiyekuwa na namba ya NIDA alikaa foleni, na aliyekosa kabisa alizimiwa simu.

Mambo haya yamepunguza safari, barua za kubembeleza na rushwa ya mlangoni. Hilo ni jema, na anayetaka turudi kwenye majalada ya vumbi hajui majalada yalivyokuwa yakipotea. Lakini dirisha la ofisi lilipofungwa, ni nani aliyekaa mahali pa karani? Ukipita Bombom jioni utamwona. Ni kijana wa steshenari.

Steshenari ni kibanda chenye kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa nakala na printa. Hapo ndipo daraja la kidijitali la Kiwalani lilipo, na limejengwa na wananchi wenyewe bila kusubiri mradi wa mtu. Tunamheshimu kijana huyo. Anajua mifumo yote ya Serikali kuliko maofisa wengi, na bila yeye mamia ya watoto wa makabwela wasingefika chuo kikuu. Lakini tuangalie kazi inavyofanyika. Mama anakuja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Hawana barua pepe. Kijana anafungua barua pepe mpya, anaweka nenosiri analolijua yeye, anajaza fomu, anapiga chapa risiti, anapokea fedha. Foleni ni ndefu, hakuna nafasi ya kueleza. Wiki sita baadaye mfumo unatuma ujumbe kwamba ukurasa fulani wa kiambatisho hausomeki, urekebishwe ndani ya muda uliowekwa. Ujumbe unaingia katika barua pepe ambayo binti hajui kuifungua. Kijana amekwisha kubadilisha kompyuta, au amerudi Tukuyu kwa msiba. Muda unapita. Binti anaambiwa hakukamilisha maombi.

Katika taarifa za nchi, binti huyu ni mtumiaji wa huduma za mtandao. Ana laini, ana barua pepe, ameomba mtandaoni. Amehesabiwa upande wa pili wa pengo. Kwa kweli amebebwa mgongoni kuvushwa, na aliyembeba ndiye anayeshika ufunguo wa nyumba yake. Mtu anayetumia nyenzo asiyoielewa, kwa bei asiyoijadili, kupitia mtu asiyeweza kumdai, ni mpangaji tu katika jambo hilo. Pengo la Kiwalani ni hili.

Je, tumewahi kukabili hali kama hii? Tumewahi, na ajabu ni kwamba tunaisahau.

Nchi hii haikuanza na teknolojia juzi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika zilipopelekwa kwenye kompyuta, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Leo wanafunzi wanaposikia habari hii hucheka. Wasicheke upesi. Walioamua hivyo waliona mashine inayotumia fedha za kigeni za taifa, inayoendeshwa na wataalamu wachache, na ambayo hakuna mtu wa ndani aliyeweza kuiuliza swali. Tatizo waliliona sawasawa. Dawa yao ndiyo iliyokuwa mbovu, kwa maana hakuna taifa linalojifunza kuogelea kwa kukatazwa kwenda pwani, na marufuku ile ilituchelewesha kujenga mafundi wetu.

Lakini katika miaka ile ile, kwa chombo kingine, nchi ilifanya jambo ambalo walimu wa elimu ya watu wazima wa nchi nyingine walikuja kujifunza. Chombo hicho kilikuwa redio. Redio nayo ilikuwa na pengo lake: bei yake ilikuwa kubwa kwa mkulima, betri zilikuwa ghali, na watu wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 ya watu wazima. Mtu wa soko angeshauri kusubiri mpaka kila nyumba inunue redio yake. Haikuwa hivyo. Kampeni ya "Kupanga ni Kuchagua" ilianza mwaka 1969. "Wakati wa Furaha" ikafuata mwaka 1971. Na mwaka 1973 ikaja "Mtu ni Afya". Vikundi kama 75,000 viliundwa, kila kimoja na kiongozi aliyefundishwa na kitabu mkononi. Kikundi kilikutana kuzunguka redio moja, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania juu ya malaria, kichocho au kuhara, kikasoma kitabu pamoja, asiyejua kusoma akasomewa na jirani, kikajadili, halafu kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Walioshiriki walikaribia milioni mbili. Mwaka 1975 ikaja "Chakula ni Uhai". Na kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 9.6.

Ni kitu gani hasa kilichofanya kazi hapo? Redio ilikuwa moja kwa watu wengi; kwa hiyo bei iligawanywa. Alikuwapo kiongozi wa kikundi, jirani mwenye kujulikana, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza na wala si kukufanyia. Na kikundi kilikuwa na jambo la kufanya baada ya kusikiliza. Tukumbuke pia udhaifu wake. Redio ilisema na mwananchi alisikiliza. Hakuna aliyeweza kuijibu. Kampeni ilipokwisha, vikundi vingi vilikufa, kwa kuwa havikuwa na kazi yao wenyewe isiyotoka juu. Asiyetaka kuurudia udhaifu huo asianze na kampeni ya wiki kumi na mbili yenye fulana na mabango.

Wapo wanaosema kwamba zama hizo zimepita, kwamba mambo ya pamoja hayafai tena, na kwamba simu ni chombo cha mtu binafsi. Ukweli wa mtaani unawakanusha. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 hapakuwa na darasa wala kitabu. Ilienea kwa sababu wakala alikaa chini ya mwavuli kwenye kona, akamwonyesha mteja wa kwanza kwa kitochi chake, na mteja huyo akamwonyesha shemeji yake. VICOBA vya akina mama ni hivyo hivyo: mmoja mwenye simu janja anapokea ujumbe, anausoma kwa sauti kikaoni. Watu wa Kiwalani tayari wanatumia mtandao kwa pamoja. Kinachokosekana ni matumizi hayo kupewa mahali, muda na mwalimu.

Mifano ya karibu ipo. Mwaka 2011, Tandale, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi walishika vifaa vya kupimia na kuchora ramani ya mtaa wao ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Kazi hiyo ikakua, na kuanzia mwaka 2015, kwa jina la Ramani Huria, ikaenea katika kata nyingine za Dar es Salaam zinazosumbuliwa na mafuriko. Wakazi wakaonyesha mitaro inapoziba na maji yanapofika. Hapa mwananchi wa mtaa wa kabwela hakuwa mlaji wa picha za wengine. Alizalisha taarifa ambayo mhandisi aliihitaji. Ng'ambo ya mpaka, katika Kibera ya Nairobi, vijana wa Tunapanda wamejenga mtandao wao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi kutoka paa hadi paa. Kibera ina minara ya makampuni kama Kiwalani. Waliona kwamba mnara wa kampuni na mtandao wa mtaa ni vitu viwili.

Juu ya umiliki tuseme kidogo tu, maana somo hili linataka makala yake. Vodacom ina mizizi Afrika ya Kusini na Uingereza, Halotel ni ya Viettel ya Vietnam, na katika Airtel Serikali ina hisa asilimia 49 tangu makubaliano ya mwaka 2019. TTCL, ambayo mwaka 2001 iliuzwa kwa sehemu, ilirudi yote mikononi mwa umma mwaka 2016, na ndiyo inayosimamia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Chombo cha umma kwa hiyo kipo. Kumiliki waya peke yake hakumvushi mtu, ila kunaipa Serikali nafasi ya kuamua waya huo ufike wapi kwanza: kwenye jengo la ghorofa lenye ofisi ishirini, au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa kada aliyeko Kiwalani hali ni nzuri kuliko anavyodhani. Kata jirani ya Kipawa kuna kituo cha VETA cha TEHAMA, chenye vijana wanaojifunza kazi hizi na wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Kikundi kikivipakua mara moja na kuvihifadhi kwenye kompyuta moja, watoto wa mtaa mzima wanaweza kuvisoma bila kila mzazi kununua kifurushi. Ofisi ya serikali ya mtaa ina chumba, na jioni chumba hicho kimefungwa kwa kufuli.

Kufuli hilo si jambo dogo. Mradi mwingi wa kompyuta umekufa kwa sababu ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja mwenye cheo, na chumba kikafunguliwa saa za kazi, ambazo ndizo saa ambazo mfanyakazi yuko kiwandani na mama yuko kwenye genge. Mama wa genge anafunga saa mbili usiku. Njia anayopita kurudi nyumbani iwe na taa na isiwe ya kujipenyeza. Vinginevyo chumba kitajaa vijana wa kiume peke yao, na baada ya mwezi watakuwa wanaangalia mpira. Ratiba na ufunguo vipangwe na kikao cha wenye shida hiyo wenyewe, na vifurushi vya kikundi vinunuliwe kwa mwezi, kwa mchango, kama wanavyonunua mchele wa gunia na kugawana.

Mwalimu wa kikundi asitafutwe mbali. Yule kijana wa steshenari aitwe, alipwe kwa saa kutoka katika mchango huo, na aelezwe kwamba jioni hizo kazi yake ni kueleza na wala si kujaza. Kipindi cha kwanza kisiwe na hotuba. Kila mmoja afungue barua pepe yake kwa mkono wake, achague nenosiri lake, aliandike katika daftari lake, alipeleke daftari nyumbani, na kipindi cha pili aje aifungue tena bila kusaidiwa.